Msaragambo wa Mtu Mmoja

Katika kikao chochote cha wilaya, ukimtaja mhudumu wa afya ngazi ya jamii, sifa zitamiminika. Ataitwa askari wa mstari wa mbele, kiungo cha kaya na zahanati, mlezi wa wajawazito. Sasa uliza analipwa shilingi ngapi. Utasikia makoo yakisafishwa, kisha litakuja jibu ambalo tumelizoea mpaka halituudhi tena: kazi ile ni wito, wanaifanya kwa moyo, na mwenye moyo ukimwekea mshahara utamharibu. Wengine huongeza, kwa upole kidogo, kwamba upande wa uzazi wanaohangaika zaidi ni akina mama, na akina mama wamesaidiana katika uzazi tangu enzi za mababu. Serikali itaanzaje kulipia udugu?

Jibu hilo nalipinga lote, kuanzia wito hadi udugu. Na nalipinga nikiwa na kata moja akilini, Tumati ya Mbulu, kwa sababu maneno ya ukumbini huwa mepesi mpaka uyapandishe kilima.

Tumati iko katika Halmashauri ya Wilaya ya Mbulu, nyanda za juu za Manyara, nchi ya baridi ya asubuhi, mabonde na njia za miguu. Mjamzito wa huku huanzia zahanati ya kijiji. Mambo yakimzidi, safari ni ya Dongobesh, Mbulu mjini, au Haydom, ambako hospitali ya Walutheri imepokea wagonjwa tangu mwaka 1955. Kati ya nyumba yake na huduma hizo yupo mtu mmoja mwenye mkoba, rejista, simu na gambuti. Mtu huyo ndiye anayejua nani ana mimba changa na bado anaificha. Ndiye anayekaa na mume kwenye kigoda amshawishi auze mbuzi mapema, nauli iwepo kabla uchungu haujaanza. Huangalia miguu iliyovimba, huuliza kichwa kinachouma, husoma kadi ya kliniki na kumkumbusha mama tarehe. Mtoto akishazaliwa, anarudi. Anatazama kitovu, anatazama titi, halafu anauliza yale ambayo hayana nafasi kwenye rejista: unalala? Unakula? Mama mkwe anakusemaje? Mbona unalia?

Maswali hayo si ya kupitisha muda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea wajawazito karibu 16 kati ya 100, na karibu 20 kati ya kila wanawake 100 waliotoka kujifungua, hupatwa na matatizo ya afya ya akili, hasa sonona. Katika nchi zenye fedha, kazi ya kumshika mkono mama wa namna hiyo, pamoja na mumewe, madeni yake na hofu zake, hufanywa na ofisa wa ustawi wa jamii mwenye shahada, meza na mshahara. Sisi pia tunao maofisa hao. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, imekuwa ikiwafundisha. Lakini ni wachache, na hospitalini wananchi wengi wanamfahamu afisa ustawi kwa jambo moja tu: ndiye wa kuonwa ukiwa na barua ya mtendaji na huna fedha za kulipa. Hawezi kupanda na kushuka mabonde ya Tumati kumtazama mzazi wa siku ya tano. Kwa hiyo kazi ya taaluma nzima imeteremka mpaka kwa mtu wa kitongoji, na ilipoteremka ikabadilishwa jina, ikaitwa kujitolea.

Tuanze na hoja ya wito. Tanzania ina mpango wa dharura za usafiri kwa wajawazito na watoto wachanga, m-mama, uliotangazwa kuwa wa kitaifa mwezi Aprili 2022. Ndugu wa mgonjwa au zahanati wanapiga 115 bila malipo, kituo cha uratibu kinatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana kinampigia dereva wa hapo hapo aliyesajiliwa. Akishamfikisha mama, malipo yanaingia kwenye simu yake. Ni mpango mzuri na umeokoa watu. Ila hebu tazama ndani ya gari hilo usiku wa manane. Mbele yuko dereva, nyuma yuko mhudumu ameshika kiuno cha mama na kadi yake mdomoni. Wote wawili wameamshwa usingizini, wote wanamsaidia mama yule yule, na barabara ni moja. Mmoja analipwa kabla gari halijageuka. Mbona hakuna aliyewahi kusema kwamba kumlipa dereva kutaua huruma yake? Mbona hatumwambii kuendesha ni wito? Tunajua vizuri kwamba asipolipwa hatakuja, na hatumlaumu kwa hilo. Wito tumemwekea yule mwanamke wa kiti cha nyuma peke yake.

Halafu yupo msimamizi. Ofisa anapotoka makao makuu ya wilaya kwenda kijijini kukagua rejista ya mhudumu, siku hiyo ana posho ya safari, ana mafuta, ana dereva. Ni haki yake na simnyimi. Lakini rejista anayoikagua imejazwa na mtu ambaye siku hiyo hiyo ameacha kibarua cha vitunguu saumu, zao linalowapa wanawake wengi wa Mbulu fedha ya jioni. Anayekagua kazi analipwa kwa kuikagua, aliyeifanya anapigwa bega. Na akiuliza, anaambiwa fulana mpya zinakuja.

Watetezi wa kujitolea hupenda kutukumbusha msaragambo, na mimi naukubali ukumbusho huo. Nani asiyejua madarasa na mabirika yaliyojengwa kwa mikono ya watu baada ya Azimio la Arusha? Lakini msaragambo una kanuni zake. Mnatoka wote, mwenyekiti akiwemo. Kazi ina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Asiyetoka anatozwa. Kumpa mtu mmoja wa kitongoji jembe, mkamwambia alime shamba la kijiji kila siku kwa miaka 10 huku ninyi mkimpigia makofi, mlipata kuona wapi msaragambo wa hivyo?

Tena jambo hili tulishalijaribu. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, nchi yetu ilisambaza wahudumu wa afya wa vijiji katika miaka ya 1980, kwa makubaliano kwamba serikali ya kijiji ndiyo itakayowalipa. Vijiji vingi havikulipa. Vilikuwa na madeni, vilikuwa na njaa, na kila kikao kiliahirisha. Wahudumu waliofunzwa kwa gharama wakarudi mashambani mmoja mmoja, na masanduku yao ya dawa yakabaki matupu. Hawakukosa moyo. Moyo waliondoka nao, wakautumia kwenye mashamba yao, ambako angalau mahindi hutoka. Anayetuhubiria leo kwamba kujitolea ndiyo njia endelevu anapaswa kwanza atueleze kizazi kile kilikwenda wapi.

Utafiti uliofanywa Morogoro na kuchapishwa mwaka 2013 uliwauliza wahudumu wa jamii nini kinawasukuma. Walisema mengi ya moyo, kweli: kutaka kusaidia, heshima ya majirani. Walisema pia kwamba familia zao huwabeba kwa fedha na vitu ili waweze kuendelea. Hapo ndipo penye siri. Kazi hii siyo ya bure hata kidogo. Inalipiwa, ila mlipaji ni kaya ya mhudumu: mume aliyetoa nauli, binti aliyebaki nyumbani kuchota maji, shamba lililopaliliwa kwa kuchelewa. Tunachokiita kujitolea ni ruzuku ya kaya maskini kwa Hazina ya taifa.

Nije sasa kwenye hoja ya udugu wa akina mama, ambayo ndiyo inayoniudhi zaidi kwa kuwa imevaa vazi la heshima. Inasema mwanamke, kwa kuzaliwa tu mwanamke, tayari anajua, kwa hiyo hakuna ujuzi wa kulipia. Anayesema hivyo hajawahi kuingia katika nyumba ambayo mtoto mchanga amefariki. Wanaoandika juu ya mila za Wairaqw, wenyeji wa Mbulu, wameeleza utaratibu wa zamani wa kutenga nyumba iliyopatwa na kifo, na mama aliyeharibikiwa na mimba naye aliingia katika kutengwa huko: asichangamane, asipite shambani kwa watu, asitembelewe ovyo. Makanisa na miaka vimelegeza mengi, lakini ukimya unaoizunguka nyumba kama hiyo haujaisha. Kuingia humo, ukajua usiseme nini, ukamgusa mama ambaye majirani bado wanamkwepa, ukamtoa nje polepole mpaka arudi kliniki, ni ujuzi. Ujuzi huo unahitaji Kiiraqw cha ndani. Hatua chache kuelekea bondeni unahitaji Kidatooga, na Yaeda Chini wapo Wahadzabe wenye lugha yao na mashaka yao juu ya watu wa mkoba. Mbulu na Hanang hazina mkalimani wa kuajiriwa kwa kila nyumba. Zina wahudumu. Mwanasheria anayejua lugha nne hutoza zaidi, na hakuna anayemwambia ni udugu.

Wanaotetea udugu hukimbilia pia hesabu ya jinsia. Wanasema mbona mpango wa taifa unataka wahudumu wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja? Ni kweli, kwenye karatasi ni nusu kwa nusu. Lakini uchungu ukianza saa nane za usiku mlango unaogongwa ni wa nani? Mama aliyechanika baada ya kujifungua atamweleza nani? Kwa kazi ya uzazi, nusu kwa nusu ya karatasini inageuka zamu mbili za mwanamke, na hakuna safu ya rejista inayoonyesha hilo. Dunia nzima iko hivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba wanawake ni asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya na ustawi, huku wakishika karibu robo tu ya nafasi za juu. Ripoti ya shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2022 ilikuta wanawake wa sekta hii wakipata chini ya wanaume kwa asilimia 24 hivi. Mwaka huo huo shirika la Women in Global Health lilikadiria kwamba wanawake wasiopungua milioni 6 wanaendesha mifumo ya afya bila malipo au kwa malipo ya aibu. Watu husema kazi hii ina malipo duni kwa sababu imejaa wanawake wasio na shahada. Mimi naona kinyume chake: imeachiwa wanawake wasio na shahada kwa sababu haina malipo, na mwenye nafasi ya kwenda pengine ameshakwenda.

Basi serikali haina fedha, wanasema. Hoja hii ni ya heshima, tuihesabu. Januari 2024 ulizinduliwa Mpango Jumuishi wa Wahudumu wa Afya ngazi ya Jamii, wenye lengo la kuwa na wahudumu 137,294 kwa miaka mitano, kwa bajeti ya takriban shilingi bilioni 899. Ni hatua kubwa, kubwa kuliko yoyote tuliyopiga tangu miaka ya 1980, na anayeibeza hajui tulikotoka. Lakini chukua kikokotoo. Gawa bilioni hizo kwa idadi ya wahudumu, kisha kwa miezi 60. Unapata kama shilingi 109,000 kwa mtu kwa mwezi, na hapo hujatoa gharama za mafunzo, vifaa na usimamizi. Najua wanaingia kwa awamu, kwa hiyo hesabu yangu ni ya harakaharaka na wa mwanzo wanaweza kupata zaidi. Hata hivyo iweke kando ya kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma, kilichopandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Taifa lililopata fedha za kupandisha kima hicho kwa asilimia 35 kwa mkupuo mmoja haliwezi kusema halijui kutafuta fedha. Linajua. Ila mhudumu huyu hajawa kwenye orodha ya wanaotafutiwa.

Yupo mpinzani mwenye hoja nzito zaidi, na ningekuwa mwoga kumruka. Atasema: Taasisi ya Afya Ifakara iliwahi kuajiri wahudumu wa jamii, ikawafunza miezi tisa, ikawalipa mshahara Rufiji, Kilombero na Ulanga, katika mradi wa Connect ulioanza mwaka 2011, na mwishowe vifo vya watoto chini ya miaka mitano kwa ujumla havikupungua kuliko katika vijiji vya kulinganisha. Ni kweli. Lakini matokeo hayo yanasema nini hasa? Yanasema mhudumu aliyelipwa hawezi kuziba pengo la zahanati isiyo na dawa wala muuguzi. Hayasemi kwamba asingelipwa angefanya vizuri zaidi. Na tangu lini malipo ya mfanyakazi wa Tanzania yamengoja utafiti wa kisayansi uthibitishe kwamba kazi yake inapunguza vifo? Mwalimu analipwa hata mwaka ambao darasa lake limefeli. Karani wa halmashauri hajawahi kupimwa kwa vijiji vya kulinganisha. Mtihani huu umetungwa kwa ajili ya mwanamke wa mkoba tu.

Matokeo yenyewe ya uzazi yapo kwa anayetaka kuyaona. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya na demografia, waliojifungulia katika vituo vya huduma walipanda kutoka asilimia 63 katika utafiti wa 2015-16 hadi asilimia 81 mwaka 2022, na vifo vya uzazi vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 vikakadiriwa kuwa 104. Haydom imeongoza kazi ya kuwanoa wakunga katika vituo 30 vya mikoa mitano, Manyara ikiwemo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya wazazi na vya watoto wa siku ya kwanza vikishuka sana. Pongezi kwa wakunga na madaktari, wamezistahili. Lakini mkunga humwokoa aliyefika, na kufika huanzia nyumbani, kwa mtu aliyemshawishi baba mwenye nyumba siku tatu mfululizo.

Wengine wataniambia wafadhili wanalipa, tuache kelele. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na posho za wahudumu wengi waliokuwa chini ya miradi zikakatika bila notisi wala kiinua mgongo. Mradi hauna wajibu kwa mtu, una tarehe ya kufunga. Kenya, walau, mwaka 2023 ilikubali kugharimia zaidi ya wahudumu 100,000 kwa shilingi 5,000 za kwao kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kaunti. Ni kidogo, lakini kina jina la mlipaji. Ethiopia tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliwaajiri wasichana wa vijijini kwa maelfu, kwa mshahara wa serikali. Pakistan ilianza na wahudumu wake wanawake mwaka 1994 kwa posho ya huruma. Wakaandamana, wakaenda mahakamani, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikaagiza waingizwe katika ajira ya kudumu. Hakuna taarifa kwamba huruma iliisha Pakistan siku ile mshahara ulipoingia.

Sisi tuna sheria za kutosha hata bila mahakama ya Pakistan. Ibara ya 23 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya ujira unaolingana na kazi yake, bila ubaguzi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwapo hata moja ya dalili zilizotajwa humo: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa na mwingine, anapewa vitendea kazi. Mhudumu wa Tumati anaelekezwa na mfawidhi wa zahanati, anapangiwa kaya za kutembelea, anapewa mkoba na rejista, na ripoti yake ina siku ya kuwasilishwa. Nini kimebaki? Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilizitaka nchi ziwalipe wahudumu hawa kulingana na uzito wa kazi, na zisiwategemeze kwa malipo ya motisha yanayopimwa kwa matokeo pekee.

Badala yake, ushauri unaosikika vijijini ni kwamba mama huyu ajiunge na kikundi akaombe mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Rudia sentensi hiyo polepole. Anafanya kazi ya serikali, halafu anaelekezwa akakope fedha za serikali hiyo hiyo, azirejeshe.

Ninachodai hakihitaji tume. Halmashauri ya Mbulu, na ya Hanang jirani yake, zitenge kasma ya mishahara, siyo ya posho, kwa wahudumu wanaoshughulika na uzazi, zianze na wachache kwa mapato ya ndani, na Hazina ibebe waliobaki. Kila kata ipate afisa ustawi wa jamii wa kweli, ili mhudumu awe na mtu wa kumpelekea yale yanayomzidi, maana naye hulala na vilio vya watu. Mkataba uandike usiku kuwa usiku. Na wewe msomaji wa Tumati, kisheria mkutano mkuu wa kijiji unakaa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa mbele yako. Yakisomwa, inua mkono, uliza mshahara wa mhudumu wenu uko ukurasa wa ngapi. Ukijibiwa habari za moyo wake, usikae chini mpaka jibu liandikwe kwenye muhtasari.